Miguu Iliyopita Juu ya Vénérand

Wapendwa mliofika hapa Sydenham, Durban, kutufariji, familia imenipa mimi Protas, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na shemeji yetu Godelive amesema habari za wivu wake zisirukwe, kwa kuwa kila aliyesukwa nywele saluni kwake pale mjini anazijua, na kuzificha leo ni kujisumbua bure.

Vénérand Ndayizeye alizaliwa Gitega, Burundi, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa mzee Bizimana, akasoma shule ya msingi hapo hapo, na mwaka 1984 akaingia seminari ndogo, ambako padri mmoja alimkabidhi basuni, lile zumari refu la mbao lenye sauti nzito, kwa sababu wenzake wote vidole vyao havikufika kwenye matundu. Vita vilimkimbiza hadi Kigoma, akafunga ndoa na Godelive katika kambi ya wakimbizi tarehe 24 Julai 1999, na mwaka 2002 wakafika Durban, ambako mchana alilinda magari na jioni alisoma muziki, mpaka tarehe 1 Februari 2008 alipoajiriwa katika okestra inayopigia baleti, ile dansi ya jukwaani ya kusimama kwa ncha za vidole. Mungu aliwajalia watoto wawili, Arnaud mwaka 2003 na Annick mwaka 2006.

Ajira hiyo ilileta chakula nyumbani, ikaleta na moto. Wateja walimwambia shemeji kwamba wachezaji wa baleti ni wanawake wembamba wenye nguo za kubana, na kaka, ambaye hakujua kuficha neno, alikuwa akirudi kutoka kazini akisema leo Belinda, mmoja wa wachezaji hao, mguu wa kushoto ulikuwa mzito, leo Belinda katuchelewesha, mpaka shemeji akaacha kumpakulia. Kaka alimweleza kwamba wapigaji hukaa shimoni mbele ya jukwaa, yeye amesukumwa ndani kabisa chini ya mbao, anaona fimbo ya mwongozaji wa muziki tu, na wachezaji anawasikia miguu tu juu ya kichwa chake. Shemeji akamjibu, eish, mwanamume gani huyo akae chini ya wanawake asiinue macho.

Desemba 2012 shemeji alipanda taxi bila kumuaga mtu, akaenda ukumbini, akakaa ghorofa ya juu pembeni, mahali ambapo shimo linaonekana, na onyesho zima hakutazama jukwaa, alimtazama mumewe. Kaka hakuinua kichwa. Lakini Belinda alipocheza peke yake na basuni ikawa imenyamaza, kaka alifumba macho akasikiliza, na hapo ndipo shemeji alipokatika maini, akatuambia afadhali angetazama, maana mwanamume wa kutazama wanawake, yeye shemeji alishamzoea. Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa na raha, na sisi ndugu tulisuluhisha hadi tukachoka.

Mwaka 2014 kisukari kilimdhoofisha kaka, Januari 2015 kikamnyima macho, akaacha kazi, na tarehe 20 Mei akalazwa. Belinda alikuja kumwona, akatembea hadi kitandani, na kaka akamuuliza shemeji huyu ni nani, kwa sababu miguu yake aliijua kwenye mbao, si kwenye sakafu ya hospitali. Shemeji alifurahi, hakuficha. Kilichommaliza ni maneno ya muuguzi, aliyemwambia kwamba kila siku, yeye akiwa bado mbali kwenye korido, mgonjwa husema huyo mke wangu anakuja, leo goti linamsumbua, mwekeeni kiti. Shemeji alitoka nje akalia sana. Kaka alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2015.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi msibani, wenzake wa okestra, na dada Belinda, ambaye amekaa kule nyuma kwa heshima. Shemeji hajapona wivu, wala hataki mtu adhani amepona, kwa hiyo ana ombi moja, kwamba tukishamaliza kufukia, sote tubaki tuliposimama, dada Belinda naye tafadhali, yeye apite kwanza peke yake kando ya kaburi, taratibu, na goti lake hilo, ndipo wengine tusogee.

Pumzika sasa kwa amani, kaka, na mguu wa kwanza utakaousikia hapo juu yako ni wa mkeo.