Cephas na Muziki wa Hospitali

Hapa Oyugis benchi letu liko nje ya kinyozi, pale Mong'ina anapouzia kahawa, na kazi yetu ni kurekebisha nchi. Leo nchi ilipumzika. Mama yake Cephas alifanyiwa upasuaji asubuhi kwenye hospitali moja Homa Bay, na dada aliyempeleka simu yake imezima. Huku kwetu habari ya mgonjwa haisikizwi na mtu peke yake, kwa hivyo Cephas alileta simu benchini, akaiweka spika, akapiga hospitali. Msichana wa swichibodi alimwomba asubiri. Kukaja muziki wa kinanda.

Muziki uliendelea mpaka Obare akakasirika kwa niaba yetu sote. Obare tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio. Kuifunga ndiko kulimshinda.

— Huyo msichana anakunywa chai, omera, ndugu yangu.

— Hapana, alisema Okemwa, ambaye sisi humwita Wakili kwa vile aliwahi kuwa shahidi. Mimi nilikuwa soja wa geti kwa ofisi ya pamba, najua hiyo mashine. Iko na mataa. Kila mtu anangoja ako na taa yake, inawaka ikizima. Yule amekaa sana, msichana anamrudia, anamuuliza kama bado ako.

— Sasa ya Cephas ni gani? Injinia aliuliza.

— Watu wa Oyugis wako chini. Wanapangwa kama samaki kwa beseni kule Sindo. Wakubwa juu, wadogo chini.

— Ndio wahenga walisema, Wakili aliongeza, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni ni wewe umepiga. Mwenyeji lazima apone kwanza, amalize chai.

Tulikubaliana kwamba hiyo ilikuwa methali nzito. Injinia akapata nguvu, akatueleza kuwa ule si muziki. Ni kipimo. Mashine inasikiliza pumzi ya mtu, na ukipumua kwa hasira inakurudisha mwisho wa foleni. Mong'ina, aliyekuwa amesonya kwa sababu ya mkaa mbichi, aliinama akaiomba simu msamaha. Wakili naye akasema huko Nairobi kuna mzee ambaye taa yake ilipotea kabla ya uchaguzi, na hadi leo anangoja, bibi anamletea chakula hapo hapo kwa simu.

Tulicheka. Cephas hakucheka, na kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Muziki ukakatika.

— Hallo, bado uko? Samahani kwa kukungojesha. Sista wa wodi sasa yuko kwa laini. Nikuunganishe?

Sote tuliinamia simu. Cephas aliitazama kama mtu anayetazama mlango wa nyumba ya wenyewe.

— Wacha nisubiri kidogo, madam.

— Lakini sista yuko tayari.

— Najua. Nirudishe tu kwa muziki.

Msichana akasema sawa, kwa upole, na kinanda kikaanza tena. Wakili alitafuta methali akaikosa, yeye ambaye hata isiyofaa huwa haikosi. Mimi nilimhurumia Cephas hadi nikakosa pa kuweka macho.

Hapo ndipo Phanice alipotokea, akitoka sokoni na karai lake la nyanya. Aliona tumekusanyika, akauliza kuna nini. Wakili akamweleza kwa sauti ya chini kwamba mama ya Cephas alipasuliwa, na Cephas anangoja kuambiwa.

Phanice aliweka karai chini, akasikiliza ule muziki.

— Pole sana, Cephas. Na ni nani huyo anakungojesha hivi?

Injinia alimtazama Wakili. Wakili akamtazama Mong'ina, na Mong'ina akaanza kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa. Cephas alivuta simu karibu na kifua, akaongeza sauti ya kinanda.