Swala Walikula Nini Wakati wa Baridi

Ndugu waombolezaji, mliokuja kwa uchungu na mliokuja kuangalia tu, familia imenituma mimi, dada yake mdogo, niwasomee maisha ya kaka yetu, na nitayasoma yalivyokuwa, anayetaka mapambo aende harusini.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Chekeche, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba iliyo nyuma ya machinjio, mtoto wa pili wa mchunga kondoo, akasoma msingi na sekondari akitokea malishoni na matope miguuni, akahitimu chuo cha mifugo Novemba 1981, na mwaka uliofuata akaajiriwa ofisi ya malisho, chumba cha mwisho kwenye korido, kile chenye sinki lililopasuka.

Kazi yake mliicheka. Kila msimu wa baridi, nyika ile ya wote ikikauka, aliokota kinyesi cha kondoo na cha swala, akakiosha kwenye chekeche, akatazama mabaki kwa hadubini na kutambua kila mnyama amekula jani gani, maana nyinyi wafugaji mlilalamika kwamba swala wanawamalizia nyasi, na ofisi ilingoja jibu lake kabla ya kuruhusu wapigwe risasi.

Agosti 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyempiga marufuku kuingiza ile mifuko ndani, wakajaliwa mabinti wawili.

Juni 1994 alilazwa kwa homa ya mapafu, akamwomba binamu yetu mfugaji, yule pale mstari wa pili mwenye miwani nyeusi, amwokotee kinyesi cha swala, damu nzito kuliko maji, kumbe kikulacho ki nguoni mwako, binamu akajaza mifuko kinyesi cha kondoo wake mwenyewe, vidonge vyeusi vilevile, akaandika juu yake swala. Jibu likatoka kwamba swala hula nyasi zilezile za kondoo, marehemu akatia saini, swala wakapigwa, nyama mkala.

Haikupita miaka mitatu, vichaka ambavyo swala walikuwa wakivila vikaifunika nyika, nyasi zikasongwa, kondoo wakafa, na binamu, kalewa kwenye harusi ya bintiye, akausimulia ujanja wake kama mzaha, watu wakacheka, na baadhi yao mmekaa hapa. Kaka alirudi nyikani, akawafuata swala wachache waliobaki mpaka akaona kwa macho yake kinyesi kikidondoka, akakuta ni majani ya vichaka, nyasi kidogo mno, akapeleka ofisini, wakamwambia saini ni yake na kosa ni lake, wakamtupa stoo ya dawa za kuogeshea mifugo, nanyi mkamwita muuaji wa kondoo. Kaka hakumtaja binamu hata siku moja, alisema ni mtoto wa shangazi, aibu yake ni yetu. Sisi hatukuahidi hivyo.

Aliugua ini tangu Mei mwaka jana, akafariki Jumatano, tarehe 4 Juni 2014, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya wanaume, majirani walioleta viti na maji, na mlinzi wa stoo, mfanyakazi mwenzake pekee aliyekuja kumwona akiwa hai. Ofisi, shada lenu tumeliona.

Binamu, tumeona umeshavaa glovu za kubebea jeneza. Zivue, mpe mlinzi wa stoo. Kaka yetu alikukabidhi mzigo wake mara moja, inatosha.

Kaka, pumzika kwa amani.