Cheche, Mhazili Aliyekuwa Fundi wa Kuchomelea

Ndugu waombolezaji, mdogo wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika zahanati iliyo nyuma ya soko, akiwa kitinda mimba wa baba fundi cherehani na mama mkunga.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988 na sekondari Novemba 1992, na kwa kuwa hakujua kutulia, wiki ambayo wanafunzi walipelekwa kujionea kazi za watu, wenzake walichagua benki na hospitali, yeye akaenda karakana ya kuchomelea vyuma, akarudi na sketi yenye matundu ya moto, anacheka, "Kaka, kazi yangu nimeiona!", na jina la Cheche likamganda.

Baba alikwisha kufariki, hivyo fomu ya chuo ilijazwa na kaka yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, akafuta neno uchomeleaji, akaandika uhazili, akisema, "Watu watatuonaje, msichana kushinda kwenye vyuma?", naye, jinsi alivyolelewa kutobishana na mkubwa, akajibu, "Haya, kaka," akaenda kuosha vyombo.

Aliajiriwa ofisi ya ardhi tarehe 2 Januari 1996, akafunga ndoa na dereva wa malori tarehe 19 Juni 1999, wakajaliwa binti na mvulana, akachapa barua za watu miaka kumi na tisa, na bawaba za milango yote ya ofisi ile alizikaza yeye.

Mwaka 2015 aliacha kazi, akajifunza kuchomelea, na geti lake la kwanza akamfungia kaka yake, ila majirani walipouliza aliyelitengeneza, kaka akajibu, "Fundi mmoja wa mjini," marehemu amesimama pale pale, akainama, akaokota vifaa vyake. Leo kaka anawaambia mbele ya jeneza kwamba geti lile ni kazi ya Cheche.

Figo zilimlaza hospitali tarehe 3 Februari 2022, kaka akaenda kila Jumapili akiwa na nia ya kuomba radhi, akaishia kuulizia dawa na uji, hadi Jumanne tarehe 8 Machi, saa nne asubuhi, alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, wahazili wenzake, na mafundi wa karakana waliompokea alivyo, jambo lililotushinda sisi wa nyumbani.

Cheche, Jumapili zilikuwa tano, nami sikuitumia hata moja. Pumzika kwa amani, mdogo wangu.