Mikrobe za Bahari Ziko Zinahama

Kijiwe cha toleka, zile baiskeli za kubeba watu, nyuma ya soko, ni mbao mbili na sufuria ya kawa ya moto ya Mama Georgette. Asubuhi ile Idrissa, wanayemwita Licencié, alikataa kukaa. Alizunguka na simu mukononi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Miaka sita diplome yake ya biolojia inanenepesha mende ndani ya sanduku, na leo labo moja ya kuchunguza maji, ya Moanda, kule kwenye bahari, itamupigia simu saa ine kumupima kwa kazi. Walimuandikia: utueleze namna joto inageuza mikrobe za bahari, kwa maneno ya mutu wa kawaida. Na watu wa kawaida, kijiwe hiki kinawauza kwa jumla.

— Bon, nijaribu kwenu kwanza, musikilize. Kijiko kimoja cha maji ya bahari kina mikrobe mamilioni. Na bahari iko inapata moto.

— Basi ni jambo jema, akasema Eddy, dereva wa toleka. Mama Georgette anachemsha maji juu ya nini? Mikrobe ikufe.

— Hizi haziko za kuharisha, wewe. Hizi zinatengeneza hewa. Ukivuta pumzi mbili, moja ni yao.

Tonton Boulon, fundi wa zamani wa bac ya Lubunga, kile kivuko cha mutoni, akatikisa kichwa.

— Machine ikipata moto, unafungua valve. Bahari nayo iko na valve, kuna mutu ameifunga. Wazee walisema, samaki mukunje angali mubichi.

— Tonton, hiyo mezali inaingia wapi? akauliza Idrissa.

— Bahari ikichemka ataiva. Utamukunja wapi?

Eddy alishasimama, macho yanawaka.

— Attendez, mungoje. Donc nikibeba wateja wawili, pumzi inakatika. Nilidhani ni uzee, kumbe ni bahari.

Idrissa akapaza sauti. Tangu atoke université, hakuna mutu aliyegombania somo lake namna hii.

— Hazikufi zote. Maji ya juu yakipata moto, hayachanganyike vizuri na ya chini yenye chakula. Zile kubwa-kubwa zinapata njaa, zile ndogo-ndogo zinatawala. Na zile za baridi zinahama, zinafuata baridi.

Falonne, muuza-pondu aliyengojea Eddy amubebe, akashusha kitunga chake cha majani ya muhogo.

— Samahani, yaya Licencié. Na zile ambazo tayari ziko kwenye baridi ya mwisho kabisa, zitahamia wapi?

Eddy akamutazama Tonton. Tonton akamutazama Licencié. Simu ikalia.

— Allô, ndiyo madame, ni mimi.

Akakaa juu ya mbao.

— Mbele ya kuanza, niko na swali. Imetoka hapa kijiweni, na imetushinda sisi wote.