Risala ya Tairi Nyembamba: Nkatha Aruhusiwe Kuanza

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Jeniffer Kathurima, Mwenyekiti wa Mbio za Wanawake za Kuzunguka Mlima, waamuzi, waendeshaji wenzetu, wakazi wa Ruring'u:

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya leo ukungu ulikuwa umefunika uwanja huu. Goli la upande wa mjini halikuonekana kabisa. La upande wa pili lilionekana nusu, mtambaapanya peke yake bila milingoti, kana kwamba limetundikwa hewani. Tunaanza na jambo hili kwa sababu ombi letu linahusu ukungu, na ni vizuri kwamba mgeni rasmi ameuona mwenyewe kabla ya kutusikiliza.

KARIBU

Karibu Ruring'u. Akina mama wa kwaya walikuwa wamejiandaa kukuimbia, tukawaomba wangoje. Kanuni ya mbio hizi inasema kwamba uamuzi wa waamuzi unaweza kubadilishwa na mwenyekiti pekee, na lazima iwe kabla ya bendera ya kuanzia kushuka. Kwa hiyo muda wa wimbo tumeuchukua sisi. Wamekubali, ingawa si wote waliofurahi.

Jana jioni waamuzi walimwondoa mwenzetu Nkatha katika mbio. Leo ni hatua ya nne na ya mwisho, kutoka uwanja huu kupitia Nanyuki na Timau hadi Meru. Tunaomba aruhusiwe kuanza. Mengine yote katika risala hii ni maelezo ya ombi hilo.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilianzia Mwea, kwa wanawake waliokuwa wakibeba mchele kwa baiskeli kutoka vinuni kwenda sokoni. Zilikuwa baiskeli nyeusi, nzito, zenye tairi nene na karia ya chuma. Barabara za skimu ya umwagiliaji ni tambarare, zimenyooka kando ya mifereji, na hakuna miti ya kuzuia upepo. Mashamba yakishajazwa maji, mtu anaendesha katikati ya mawingu mawili, yaliyo juu na yaliyo chini, na njia inabaki kama utepe wa udongo uliopita kati yake. Upepo ukija kwa mbele, aliyekaa wima na gunia nyuma hasogei. Ndipo aliyetangulia alipokuwa akisema, "Lala," na wote wakalaza kifua juu ya usukani na kukanyaga bila kusimama mpaka upepo upite.

Neno hilo halikutungwa na mtu. Tulipoanza kushindana tulikuja nalo. Kwetu "lala" maana yake ni shusha kifua, usisimame, nenda.

Nkatha alifika Mwea akitokea Timau, akapata kazi katika kinu cha mchele. Mara nyingi aliyetangulia alikuwa yeye. Ndiye pia wa kwanza kununua baiskeli ya mbio, kuukuu, na vijana wa bodaboda walipoiona walimwambia kwamba tairi nyembamba namna ile zitakatika kama uzi kabla ya kufika mji wa Kutus. Hazikukatika. Jina la kikundi tukalichukua hapo.

Tulihamia Ruring'u kwa sababu hapa kuna uwanja wa kufanyia mazoezi na milima ya kupanda kila upande. Hapa tulimpata Mwanaisha, fundi cherehani wa mjini Nyeri, ambaye ndiye hutushonea mavazi. Kwa ajili yake mwenyewe alishona kilemba chepesi kinachokaa vizuri chini ya kofia ya baiskeli. Julai hii wenzetu kadhaa wasio Waislamu wamemwomba awashonee na wao, kwa sababu ya baridi ya masikio. Anasema hajaamua kama hayo ni mahubiri au biashara.

TULICHOFANYA

Katika hatua ya kwanza, kutoka Mwea hadi Karatina, waendeshaji wetu wote walimaliza. Sokoni Karatina wanaume waliokuwa wakipakua viazi walituuliza nani anapika leo. Mwanaisha aliwajibu bila kupunguza mwendo: "Yule amebaki nyumbani." Tunaambiwa mmoja wao alienda kupika.

Katika hatua ya pili, kutoka Karatina hadi Mukurweini, Nkatha alikuwa wa pili. Haya yako katika matokeo rasmi na hayana mjadala.

HATUA YA TATU

Hatua ya tatu ilikuwa jana. Waendeshaji walipaswa kuzunguka vilima vya Mukurweini, kurudi katika njia panda iliyo karibu na soko, kisha kuteremka hadi daraja la mto Gura na kupanda kuja hapa. Wakiwa bado vilimani ukungu uliteremka. Hatusemi ulikuwa mwepesi au mzito. Tunasema tu kwamba aliyeshika usukani hakuweza kuona gurudumu la aliye mbele yake.

Nkatha alikuwa ametangulia peke yake. Waamuzi walisimamisha hatua, nasi tunaona walifanya vyema. Habari ilipitishwa kwa simu kwa waelekezaji wa njia. Kundi kubwa lilisimamishwa, likapelekwa sokoni kunywa chai. Aliyebaki barabarani ni Nkatha, na mbele yake alikuwapo mwelekezaji mmoja tu, Bw. Moffat, mwendesha bodaboda wa Mukurweini, aliyejitolea kusimama njia panda.

Moffat alimsikia akija. Hakumwona mpaka alipomfikia, kwa hiyo alipaza sauti mapema. Alisema hivi, na hakuna anayebisha: "Mbio imelala! Lala, madam, lala!"

Kila mtu wa huku anajua gari likiharibika njiani limelala, na mradi ukikwama umelala. Moffat alitaka kusema kwamba mbio zimesimamishwa. Mwanzo wa maneno yake ulimezwa na upepo wa mteremko na mlio wa mnyororo. Nkatha alisikia neno la mwisho, mara mbili, likisemwa kwa nguvu. Alishusha kifua akaenda.

Yanayofuata yana shahidi mmoja, na tunayaandika kama alivyoyasema. Alisema baada ya njia panda hakuona kitu ila mstari mweupe wa ukingo wa barabara, ukimjia kidogo kidogo kama uzi unaofunguliwa. Alisikia makopo ya maziwa yakigongana kushoto kwake, lakini hakuona mtu wala punda. Alisikia kwaya ikifanya mazoezi, ikirudia mstari mmoja. Mwanzoni wimbo ulikuwa chini yake, kisha ukawa kando, kisha ukawa juu, na akaelewa kwamba barabara ilikuwa ikizunguka kilima chenye kanisa. Alipata harufu ya maganda ya kahawa, akajua amepita kiwanda. Baadaye hewa ikawa na baridi ya maji, akajua ni Gura. Darajani mto ulikuwa ukinguruma pande zote na haukuwapo. Alituambia, "Nilidhani nimelala kweli. Nilikuwa naogopa nikiamka nijipate bado niko Mukurweini nafunga viatu."

Alipanda. Hakuna mtu aliyempungia mkono na hakuna aliyemzomea. Alisema hajawahi kupanda mlima bila kuambiwa kitu na mtu, na hakujua kwamba mlima unaweza kuwa kimya namna hiyo.

Alipofika hapa mstari wa kumalizia ulikuwapo, umechorwa kwa chokaa, lakini kitambaa kilikuwa kimeondolewa na viti vimekunjwa. Aliuvuka. Akamkuta mlinzi wa uwanja akiwa na mwamvuli, akamuuliza kama hapa ni Ruring'u.

"Hapa ni Ruring'u tangu nizaliwe," mlinzi akamjibu. "Wewe umetoka wapi?"

"Mukurweini."

"Na wale wengine?"

"Wako nyuma."

Jibu hilo lilikuwa sahihi. Tulikuwa nyuma, mezani, na maandazi mkononi.

Kwa kuwa hakuna aliyemwambia amemaliza, alianza kuzunguka uwanja ili miguu isipoe, akingoja mtu mwenye mamlaka ya kumwambia ashuke. Basi lilipotuleta, tuliusikia mnyororo wa baiskeli yake kabla ya kumwona. Ulikaribia, ukapita mbele yetu ndani ya weupe, ukaenda zake. Tulisimama langoni tukiusikiliza. Ulipita tena. Mwanaisha ndiye aliyeita jina lake.

MBELE YA WAAMUZI

Mwamuzi mkuu, Bw. Ngatia, alituita jana jioni akatusikiliza kwa subira. Alimuuliza Moffat kama alimwambia mwendeshaji asimame. Moffat alisema alimwambia mbio imelala.

"Nimekuuliza kama ulimwambia asimame."

"Mzee, kama mbio imelala, si na yeye alale? Mimi nilimwambia alale."

Nkatha, ambaye hakuwa ameulizwa, akasema, "Na nikalala."

Waliokuwapo walicheka, na Bw. Ngatia pia alicheka. Halafu alisoma kanuni: mwendeshaji anayeendelea baada ya kuamriwa kusimama huondolewa katika mbio. Akamwomba Nkatha namba ya mgongoni. Nkatha aliitoa pini moja moja, akaikunja, akampa kwa mikono miwili.

Hatusemi Bw. Ngatia ameisoma kanuni vibaya. Kanuni ni nzuri. Mtu akiendelea peke yake kwenye mteremko ule, katika hali ile, anaweza kufa, na Nkatha anaweza kuwa alinusurika kwa bahati tu. Tunachosema ni kwamba kanuni inamhusu aliyeamriwa kusimama. Nkatha aliambiwa neno ambalo kwa aliyelisema lilikuwa simama na kwa aliyelisikia lilikuwa nenda. Wote wawili wanalijua neno hilo vyema, kila mmoja kwa maana yake, na hakuna aliyedanganya. Neno "simama" lenyewe halikutamkwa njia panda, na bendera nyekundu, ambayo kanuni hiyo hiyo inaitaja, haikuwapo. Moffat hakupewa. Alipewa fulana na filimbi, na filimbi aliitumia kuzuia ng'ombe.

CHANGAMOTO

Risala kama hii kwa kawaida hutaja mashimo barabarani, ukosefu wa vyoo kwenye vituo na madereva wanaotupita karibu mno. Yote yapo, na mgeni rasmi atayaona akitusindikiza hadi Nanyuki. Leo tumeyaacha ili ombi moja lisipotee kati ya mengi.

Changamoto moja hatuwezi kuiacha, nayo ni yetu wenyewe. Baadhi yetu tulitaka kuomba kwamba muda wa Nkatha wa jana uhesabiwe, kwa kuwa ndiye pekee aliyeimaliza hatua. Tulibishana sana. Wengine walisema haki ni haki. Nkatha alikuwa akipaka mafuta mnyororo, akatuachia tuchoke. Kisha alisema, "Huo muda wakae nao. Mimi niko na haja ya kuanza tu." Tukalifuta ombi hilo.

Hatua ya leo inapita Timau, nyumbani kwao. Mama yake hajawahi kumwona akishindana. Aliambiwa asimame kando ya barabara, upande wa mashamba ya ngano, na amesema atakuwa hapo tangu asubuhi. Hatujampigia simu kumwambia vinginevyo, kwa sababu hadi bendera ishuke hatujui kama vinginevyo ni kweli.

OMBI

Mgeni rasmi, tunaomba Nkatha arudishiwe namba yake na aanze pamoja na wenzake.

Tunakubali kwamba hatua ya jana imefutwa, na kwamba kuendesha kwake kutoka njia panda hadi hapa hakuingii katika matokeo ya mtu yeyote. Tunakubali pia kama waamuzi wataona vyema aanze akiwa wa mwisho katika orodha. Na kuanzia leo, tunaomba kila mwelekezaji apewe bendera nyekundu na neno moja la kusimamisha, lile lile kutoka Mwea hadi Meru. Sisi kwa upande wetu tumekubaliana kuliacha lile letu mazoezini. Si kazi rahisi; limo midomoni mwetu.

Moffat ametuomba tuseme kwamba anasikitika. Ametoka Mukurweini kwa pikipiki yake kabla ya mapambazuko, na yupo hapa, karibu na jukwaa, kwa atakayetaka kumuuliza.

Mwenyezi Mungu akulinde, mgeni rasmi, wewe na waamuzi wako. Aziondoe mvua njia yote hadi Meru, na awafikishe salama wote watakaoanza, wa kikundi chetu na wa vikundi vingine. Anayesoma ni Shiro, kwa niaba ya Kikundi cha Wanawake cha Tairi Nyembamba, Ruring'u.

Tumeongeza maneno haya kwa kalamu, tukingoja kuitwa jukwaani. Waendeshaji wameitwa kwenye mstari. Wale wa timu nyingine, ambao wengi wao watapanda katika matokeo Nkatha asipoanza, wamejipanga mbele, na katikati ya safu wameacha nafasi ya baiskeli moja. Mwamuzi mmoja amewaambia wasogeleane. Hawakusogea. Nkatha amesimama nje ya kamba na baiskeli yake, kofia ameifunga.