Padri Maana Yake Baba

SELESTINE: Haloo? Stoo, Mwadui. Nani mwenzangu?

MEKTILDA: Ni mimi, Mektilda. Niko posta, Kahama.

SELESTINE: Dada? Shikamoo. Kuna msiba?

MEKTILDA: Marahaba. Hajafa mtu. Selestine, wewe ulisoma seminari miaka sita. Padri maana yake nini?

SELESTINE: Umetoka kijijini mpaka Kahama kuniuliza—

MEKTILDA: Nijibu.

SELESTINE: Baba. Ni neno la Wareno. Walilileta pwani zamani, likabaki.

MEKTILDA: Kumbe hakudanganya. [mkwaruzo] Na kasisi?

SELESTINE: Hilo ni la Waarabu, nao walilipata kwa Wakristo wa Shamu, kule Siria. Mzee.

MEKTILDA: Mzee. Paroko je?

SELESTINE: Kigiriki, likapitia Kilatini. Wengine husema ni mgeni anayekaa jirani na watu. Dada, simu hii ni ya kazini—

MEKTILDA: Jumapili mdogo wetu Salvina alimpeleka mtoto kubatizwa. Padri Valerian akafungua kitabu, akaandika huku anasoma kwa sauti: baba hajulikani.

SELESTINE: [mkwaruzo]

MEKTILDA: Unanisikia? Mtoto ana masikio yale yale ya huyo padri, kanisa zima linaona. Salvina akamnyakua mtoto kabla maji hayajamgusa, akatoka. Wazee wa kanisa wakaenda kumuuliza padri. Nami nikawafuata.

SELESTINE: Akasemaje?

MEKTILDA: Alicheka. Eti, padri maana yake baba, yeye ni baba wa watoto wote wa parokia, na huyu yumo. Wazee nao wakacheka, wakanywa chai yake. Nilitoka nikamwaga yangu kwenye maua yake.

SELESTINE: Valerian tulilala bweni moja. Hakuwa—

MEKTILDA: Najua. Ndiyo maana ulimwandikia amchukue Salvina awe mpishi wa nyumba ya mapadri.

SELESTINE: Ningejuaje, dada? Salvina ni mtu mzima, ana miaka ishirini na minne—

MEKTILDA: Anasema alikuandikia. Kabla ya mimba. Kwamba chumba alichopewa hakina komeo, na yule mtu anakuja.

SELESTINE: [mkwaruzo mrefu]

MEKTILDA: Barua ilifika?

SELESTINE: ...Ilifika.

MEKTILDA: Ukamjibu nini?

SELESTINE: Dada—

MEKTILDA: Ukamjibu nini?

SELESTINE: Kwamba avumilie. Kwamba asiharibu jina la mtumishi wa Mungu.

OPERETA: Dakika tatu zimekwisha, mama. Unaongeza?

MEKTILDA: Siongezi.

SELESTINE: Subiri. Leo leo namwandikia askofu, namweleza yote—

MEKTILDA: Barua zako zimetosha. Panda basi Jumamosi, ukae mbele ya Salvina, umwambie hayo uliyoniambia mimi.

SELESTINE: Nitakuja. Mwambie basi kwamba—

MEKTILDA: Utamwambia mwenyewe. Haya, msalimie wifi.