Mkwe wa Dirishani

Mheshimiwa Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, Bwana Daktari, Sista Mkuu, wazazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, habari za mchana. Nanyi wazee mliolala humo wodini, mnaotusikia kupitia madirisha, shikamooni. Nimewataja mwisho kwa sababu ndivyo nilivyoelekezwa, lakini nimesimama hapa kwa ajili yenu.

Mimi ni Apolonia, mke wa Mabula aliyeko machimboni Geita. Shule yangu iliishia darasa la nne. Nyamizi huyu mgongoni hajanipa usingizi tangu meno yaanze kumtoka, kwa hiyo mkiniona nimefumba macho katikati ya neno, msicheke. Ningojeni, nitarudi.

Leo tunawaaga wanafunzi hawa wa uganga, na sitawasifu kwa yote. Mlipofika, ndugu zangu, mliwakimbilia vijana walioletwa kutoka machimboni na miguu iliyovunjika, maana kijana akipona anatoka kwa miguu yake na watu wote wanaona kazi yenu. Vitanda vya wazee vilikuwa kule mwisho, karibu na stoo. Mkipita mnasema, "Huyu ni uzee tu." Nawauliza: ni nani aliyewaambia kwamba uzee ni ugonjwa, tena ugonjwa usio na maumivu ya kuulizwa?

Huko mwisho ndiko alikolazwa Mama Sikujua, mama wa mume wangu, mwenye kidonda cha mguu. Akili zake zilikuwa zimeshaanza kutembea. Asubuhi yuko nasi, mchana yuko kwao utotoni, anachunga ndama wa baba yake, anawaita kwa majina mmoja mmoja, na ukikaa karibu naye unasikia kengele zao. Mimi nimezisikia. Labda ni usingizi.

Akapewa mwanafunzi wa kumhudumia, Kalisti, huyu mrefu wa Bukoba. Kalisti akileta uji, mama anavuta kanga anajifunika uso. Akimwinulia kijiko, anageukia ukutani. Hali, hanywi, mwili unakwisha mbele yetu kama kipande cha sabuni. Bashiri, mwenzake, akasema, "Huyu ameshaamua. Tumpitishie mpira wa uji puani." Nikamwambia, "Mpira kampitishie mama yako." Samahani, Bashiri, lakini nilisema.

Kalisti alipotoka, nikamwinamia mama. "Mama, mbona huli?"

"Nitakulaje, na mkwe kanikodolea macho mdomoni?"

"Mkwe gani?"

"Mageni. Hukumwona? Karudi, kavaa nyeupe. Huko alikokwenda ndiko wamemfundisha kumtazama mama mkwe akitafuna?"

Wageni mliotoka mbali, kwetu Usukuma mtu na mama mkwe wake hawatazamani, wala hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Ni heshima hiyo, si ugomvi. Mageni alikuwa mume wa wifi yangu. Mwaka ule vita vilipokwisha, tulimzika wifi, na Mageni akaenda Geita bila kuaga. Hakuonekana tena. Kila mchimbaji aliyepita kwetu kuomba maji, mama alimuuliza kwanza habari za mkwe wake, kisha ndipo akampa kata.

Nikamweleza Kalisti. Bashiri akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Bwana harusi! Umeoa lini, na pilau hatukula?" Kisha akasema, "Mwambie ukweli, yaishe. Wewe mtu wa Bukoba."

Kalisti hakucheka. Aliniuliza, "Mama Nyamizi, kwenu mkwe akija, anakaa wapi?"

"Nje, mpaka atengewe mahali pake."

Basi akachukua kigoda, akaenda kukaa nje, chini ya dirisha lile mnaloliona, mgongo ukutani. Akasema kwa Kisukuma chake cha kuokoteza, "Mwadila, mayu." Habari za jioni, mama.

Ndani, kanga ikashuka. Mama akaitikia. Akanyoosha mkono, akalichukua bakuli mwenyewe.

Sista alikasirika kidogo, utanisamehe, Sista. Alisema, "Kalisti, huo ni uongo." Naye akajibu, "Sista, sijasema mimi ni Mageni. Nimemwamkia tu."

Tangu hapo Bashiri ndiye aliyeosha kidonda, Kalisti akiuliza maswali kutoka nje. Na mama akauambia ukuta mambo ambayo hakutuambia kamwe sisi tuliomtazama usoni: kwamba magoti yanawaka, kwamba bakuli analiona kama limezama majini, kwamba anaogopa kulala asije akaamka asijue yuko nyumbani kwa nani. Jioni, ng'ombe wakirudi na vumbi lao likielea dirishani kama unga wa dhahabu, sauti hizo mbili zilikuwa zikisemezana taratibu, na mimi nikisinzia mlangoni sikujua tena nani ni nani. Wifi yangu angeingia na kibuyu cha maziwa, nisingeshtuka. Ningemsogezea kigoda.

Bwana Daktari, walipoona hayo, vijana hawa walivisogeza vitanda vyote vya wazee karibu na madirisha. Naomba visirudi kule karibu na stoo. Wanafunzi wengine wakija, waanzie hapo, na wakae kwanza kabla ya kusema ni uzee.

Na wewe, Kalisti. Umeagana na kila mtu isipokuwa mmoja. Asubuhi uliniambia, "Nitaondoka kimya, Mama Nyamizi, atasahau." Inawezekana. Jina langu analisahau kila siku. Lakini yule aliyeondoka bila kuaga, hajamsahau hata siku moja. Lori la kuwachukua limeshawashwa, nalisikia. Hukuwahi kusema wewe ni Mageni. Ukipanda lile lori bila kuaga, ndipo utakuwa Mageni kweli.

Kigoda chako kipo palepale. Nenda ukae, umpe mgongo kama ulivyozoea, umwambie unakwenda wapi. Akikujibu, usigeuke. Akilia, usigeuke. Mimi nitakuwa ndani.

Ndugu zangu wote, asanteni kwa kunisikiliza. Sasa tunyamaze kidogo, mayu naye asikie.